Kanda za Mjomba na Duka Lililonisafishia Matangazo

Mwezi uliopita nilipeleka kanda tatu za VHS katika duka dogo la Kariakoo, Dar es Salaam, linalohamisha picha kutoka kwenye kanda za zamani na kuziweka kwenye flashi. Nilitozwa shilingi 20,000 kwa kila kanda, nikaambiwa nirudi baada ya siku tano, na siku ya tano kazi ilikuwa tayari, jambo ambalo mafundi wetu wengi hawalizoei. Duka lenyewe silitaji jina, kwa kuwa kosa nitakalolieleza lilirekebishwa bila ubishi na sioni sababu ya kumharibia mtu biashara. Picha zilitoka vizuri kuliko nilivyotarajia, na sauti haikuwa na mvumo. Hata hivyo, kazi ya mara ya kwanza ilirudi ikiwa imekosa kitu kile kile kilichonitoa nyumbani.

Kilichonitoa nyumbani ni matangazo ya biashara, na hasa matangazo ya bustani za michezo ya bembea na mashine za New Jersey, Marekani, ya miaka ya themanini. Wapo watakaocheka, kwa hiyo sina budi kueleza.

Mjomba wangu alikwenda New Jersey kusoma mwaka 1986, na kila alipompata mtu anayerudi nyumbani alimkabidhi kanda moja au mbili alizorekodi kutoka kwenye televisheni ya chumbani kwake. Wakati huo Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya sabini, lakini sisi wa bara hatukuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994. Televisheni kwetu ilikuwa ni deki tu. Baba aliagiza ya kwetu kutoka Dubai, aina ile iliyosoma mifumo yote ya televisheni, na kwa sababu hiyo nyumba yetu ya Magomeni ilijaa watoto wa jirani kila Jumamosi, wamekaa mkekani huku viatu vyao vimerundikwa mlangoni. Mjomba alikuwa anatutumia mieleka na katuni. Matangazo ya biashara yalikuja kama usubi unaofuata taa, bila kualikwa, na ndiyo tuliyoyapenda kuliko vyote. Tangazo la kwanza la televisheni nililoliona maishani halikuwa la sabuni wala la soda. Lilikuwa la bustani ya Great Adventure iliyoko Jackson, New Jersey, mahali ambapo hadi leo sijakanyaga.

Great Adventure ilifunguliwa tarehe 1 Julai 1974 na kununuliwa na kampuni ya Six Flags mwaka 1977. Wenyeji wa New York na Philadelphia huiendea kwa gari, kwa hiyo matangazo yake yalimalizika kwa kutaja njia: barabara kuu ya New Jersey, toka Eksiti 7A, yaani njia ya kuchepukia kutoka barabara hiyo. Wakati huo hatukujua eksiti ni nini. Sauti nzito ya mwanamume iliyataja maneno hayo kwa haraka mwishoni, kama mtu anayekimbizwa na saa, na sisi tukayafanya wimbo wa kuchezea rede: anayerusha mpira akisema «Eksiti», anayekwepa akijibu «Seven Ei». Wapo watu wazima Magomeni leo, wenye wajukuu, ambao ukiwatajia nusu ya kwanza watakumalizia ya pili bila kujua wanaelekezwa wapi.

Kilichotushangaza zaidi ni neno moja. Bustani ile ina eneo kubwa ambalo wageni waliendesha magari yao wenyewe katikati ya simba, twiga na nyani, na eneo hilo linaitwa Safari. Basi tulikuwa tumekaa mkekani, hatuelewi Kiingereza hata kidogo, mara neno letu likatoka katika kinywa cha Mmarekani. Tuliruka wote. Dada yangu mkubwa aliuliza, «Safari ya wapi?» na swali hilo halikupata jibu, kwa sababu katika tangazo hakukuwa na mtu aliyesafiri, kulikuwa na familia ndani ya gari, madirisha yamefungwa, na twiga anachungulia. Baba alicheka hadi akatoa miwani. Alisema kwamba abiria wa basi la kwenda Iringa huwaona twiga hao hao pale Mikumi, barabara ikikatiza hifadhini, na kondakta hawaongezei nauli. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba neno letu lilikuwa limeshakwenda mbali na kurudi na maana nyingine, na kwamba sisi ndio tuliolipokea kama wageni.

Mwaka 1989 Mjomba alituletea tangazo la chombo kipya cha bustani hiyo, Great American Scream Machine, treni iliyopanda hadi mita 53 hivi, ikashuka kwa kasi inayokaribia kilomita 110 kwa saa na kuwapindua abiria wake kichwa chini mara saba. Kwetu bembea ilikuwa ile ya Mnazi Mmoja siku ya Idi, ya mbao, inayosukumwa na vijana wawili wanaokunywa maji katikati ya zamu. Kumwona mtu mzima, mwenye tai ya kazini labda, amegeuzwa kichwa chini mara saba kwa hiari yake na kwa fedha yake, kulituachia maswali ambayo hakuna mtu mzima wa pale nyumbani aliyeweza kuyajibu. Mama aliamini ni adhabu.

Hata hivyo Great Adventure ilikuwa bustani ya watu wenye mpango. Iliyokuwa na matangazo ya ajabu kweli kweli ni Action Park, ya mji wa Vernon, kaskazini mwa jimbo hilo hilo, iliyofunguliwa mwaka 1978 katika mlima wa kuteleza kwenye theluji ili wenye mlima wapate kitu cha kuuza wakati wa kiangazi. Mmiliki wake, Gene Mulvihill, aliijenga juu ya wazo kwamba mgeni asifungwe mkanda na kuzungushwa na mashine, bali ajiendeshe mwenyewe. Mtu alishuka mlimani juu ya kigari kidogo chenye fimbo moja ya breki, katika mfereji mgumu uliojipinda. Alijirusha kwa kamba kama tumbili na kuangukia maji baridi. Kauli mbiu ya bustani ilimwambia mgeni kwamba yeye ndiye kiini cha mambo, na kwa bahati mbaya ilisema kweli.

Matangazo ya Action Park katika kanda za Mjomba yana sura ambayo sijaiona katika tangazo jingine lolote. Wimbo ni wa furaha kupita kiasi, kama wa dawa ya meno. Vijana wanapita mbele ya kamera wakiwa wamelowa, wengine wanateleza, wengine wanaanguka, na hakuna anayeonekana kuwa mwigizaji. Ni wateja wa siku hiyo, na nyuso zao ni za watu ambao hawajui kama wanacheka au wanaomba msaada. Katika tangazo moja, kijana anafika mwisho wa mteremko, anasimama, anajishika kiwiko, kisha anakumbuka kwamba anapigwa picha na kutabasamu. Tabasamu hilo halichukui hata sekunde nzima. Tulilirudisha nyuma mara nyingi mno hivi kwamba utepe pale umechakaa, na katika faili niliyoletewa mstari mweupe unapita kwenye kiwiko chenyewe.

Yaliyokuwa nyuma ya tabasamu hilo yalikuja kujulikana na wote. Watu wasiopungua sita walifariki katika bustani ile, wengine kwa kuzama katika bwawa lake la mawimbi, na majeruhi walikuwa wengi hadi wenyeji wakaibandika majina ya kejeli, mojawapo likiwa Accident Park, yaani bustani ya ajali. Mwaka 1985 ilifungua bomba la maji lililozunguka duara kamili la kusimama, mtu aingie juu, apinduke kichwa chini kwa kasi yake mwenyewe na kutokea upande wa pili. Lilifanya kazi kwa takriban mwezi mmoja tu kabla ya kufungwa. Bustani nzima ilifungwa mwaka 1996. Sisi tuliimba wimbo wake miaka yote hiyo bila kujua hata moja kati ya haya, na sidhani kama ninapaswa kujilaumu, ila nakiri kwamba siku hizi nikiusikia mkono wangu hutafuta kiwiko.

Sasa turudi Kariakoo.

Fundi wa duka ni kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, mpole, mwenye meza safi. Kabla ya kuingiza kanda yoyote kwenye deki aliibonyeza kitufe cha pembeni, akainua kifuniko cha mbele na kuumulika utepe kwa tochi ya simu. Kanda mbili zilikuwa na ukungu mweupe kwenye kingo za roli, kama unga wa muhogo uliomwagika, jambo la kawaida kwa kitu kilichokaa kabatini Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka thelathini. Alinieleza kwamba ukungu huo ukiingia kwenye deki hushika hedi, yaani kichwa kinachosoma utepe, na kutoka kwenye hedi huhamia kwenye kanda ya mteja mwingine. Kwa hiyo alizifungua kanda, akaupangusa utepe taratibu akiuzungusha kwa mkono, kisha akasafisha hedi kwa spiriti baada ya kila kanda. Kwa kipengele hiki pekee ninampa alama zote. Nimepata kuona mahali kanda ilipotumbukizwa kwenye deki kama mkate kwenye tanuri, na ikatoka ikiwa imetafunwa.

Nilipokwenda kuchukua kazi yangu, alinikabidhi flashi kwa mikono miwili na kusema kwa fahari, «Mama, nimekusafishia matangazo yote, utatazama bila usumbufu.»

Nilikaa chini. Saa kumi na nane za kanda zilikuwa zimegeuka saa kumi na tatu, na saa tano zilizoondolewa ndizo nilizokuwa nimezilipia. Mieleka ya mwaka 1989 inapatikana kila mahali mtandaoni, tena kwa picha safi kuliko ya Mjomba, siihitaji. Nilimweleza fundi, naye akanitazama kama baba alivyolitazama lile tangazo la twiga. Katika miaka yake ya kazi, alisema, hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba matangazo yamekatwa. Wapo waliolalamika kwamba yamebaki. Ninamwelewa, lakini kosa ni la duka: fomu yake ina nafasi ya jina, simu na idadi ya kanda, na haina mstari hata mmoja wa kumuuliza mteja anataka nini kutoka kwenye kanda hizo. Kwa bahati hakuwa amefuta faili za awali, akaniandalia upya siku iliyofuata bila kuongeza bei.

Kosa la pili ni la kiufundi, na ninalieleza kwa urefu kwa sababu litamkuta yeyote mwenye kanda zilizotoka Marekani. Televisheni za Marekani zilitumia mfumo wa NTSC, wenye mistari 525 na karibu picha 30 kwa sekunde, ilhali kwetu tulitumia PAL, yenye mistari 625 na picha 25. Deki ya fundi ilisoma mifumo yote miwili, lakini programu ya kompyuta yake ilikuwa imepangwa kwa kanda za hapa, kwa hiyo katika kila sekunde picha kama tano zilidondoka. Katika mahojiano ya mtu aliyekaa kitini huwezi kulitambua. Katika treni inayopinduka mara saba unalitambua papo hapo: inaruka-ruka, inaonekana mbele kisha mbele zaidi, kana kwamba imesahau kipande cha reli. Nilimwomba aweke picha 30 badala ya 25, akafanya, na mwendo ukarudi kuwa laini. Kazi hiyo ilimchukua dakika chache za kubadilisha mpangilio, kisha ikambidi aicheze kanda yote upya tangu mwanzo, kwa kuwa kanda haina njia ya mkato.

Jambo jingine si kosa lake. Mjomba alikuwa mwanafunzi na hakuwa na fedha za kanda nyingi, kwa hiyo alirekodi kwa mwendo wa polepole kuliko wote, ambao huwezesha kanda ya saa mbili kubeba saa sita. Picha ya namna hiyo huwa na ukungu wa macho tangu siku ya kwanza, rangi nyekundu inavuja nje ya mipaka yake, na hakuna duka litakaloongeza kile ambacho hakikuwahi kuandikwa kwenye utepe. Fundi alijaribu kuirekebisha picha na kuzinyoosha rangi, nilimwambia aache. Uso wa kijana yule wa Action Park ukishasafishwa sana, unageuka kuwa uso wa sanamu ya nta.

Kanda ya tatu ina kituko chake. Baada ya miaka miwili Mjomba aliona kwamba anatuonea kutulazimisha kutazama biashara za watu, akaanza kukaa mbele ya televisheni na rimoti mkononi, akisimamisha deki kila matangazo yalipoanza. Tulimwandikia barua ya kumsihi aache, na barua ilichukua mwezi kufika. Katika kanda hiyo basi matangazo yamebaki vipande: sekunde mbili za mwanzo kabla kidole hakijafika kwenye kitufe, au sekunde tatu za mwisho baada ya yeye kudhani yamekwisha. Kuna mahali ambapo linasikika neno moja tu, «Ei», kisha mieleka inaendelea. Mara ya kwanza fundi aliviondoa vipande hivyo pia, na ndivyo nilivyovitafuta kabla ya vyote aliponirudishia kazi.

Mtu anaweza kuuliza kuna haja gani ya kulipa shilingi 60,000 ilhali YouTube na maktaba ya Internet Archive ya San Francisco zimejaa matangazo ya kale, tena ya bure. Nimezitumia zote mbili, na kwa anayetaka kuonja tu zinatosha. Lile la mwaka 2004 la Six Flags, ambamo mzee mwenye suti nyeusi na miwani mikubwa anashuka kwenye basi akijikokota, kisha anaanza kucheza kwa nguvu za kijana wa miaka ishirini wimbo wa Vengaboys wa Uholanzi, halihitaji kanda ya mtu; liko kila mahali, na linachekesha kwa namna iliyokusudiwa na waliolitengeneza. Hapo ndipo mimi ninapoachana nalo. Aliyelibuni alijua anafanya kioja. Waliotengeneza yale ya miaka ya themanini walidhani wanafanya kazi ya kawaida, na ukawaida wao ndio unaonivuta hadi leo.

Isitoshe, mengi ya matangazo hayo madogo ya jimbo moja hayakuhifadhiwa na mtu kwa makusudi. Yamebaki kwa sababu kuna watu waliorekodi kitu kingine na kusahau kubonyeza kitufe. Mwanamke mmoja wa Philadelphia, Marion Stokes, aliyewahi kufanya kazi ya ukutubi, alirekodi televisheni usiku na mchana tangu mwishoni mwa miaka ya sabini hadi alipofariki mwaka 2012, akaacha makumi ya maelfu ya kanda ambazo zilikwenda Internet Archive. Alitaka kuhifadhi habari. Matangazo yaliingia humo kama yalivyoingia kwetu. Philadelphia iko karibu na Jackson, na ninaamini Eksiti 7A imo humo mara nyingi. Lakini katika kanda zake hakuna kidole cha Mjomba kinachochelewa kwenye rimoti, wala katika sekunde ya kiwiko hakuna mstari mweupe uliochorwa na watoto wa Magomeni.

Kwa atakayetaka huduma ya namna hii, ushauri wangu ni wa vitendo. Mwambie fundi kanda imetoka nchi gani kabla hajaiunganisha deki na kompyuta. Mwombe faili nzima, isiyokatwa, hata kama itajaza flashi. Ukitaka kukata utakata mwenyewe nyumbani. Kagua dakika kumi za sehemu yenye mwendo mkali kabla ya kulipa, usikague mtu anayezungumza. Na kanda zenyewe zichukue, usikubali kuambiwa zimekwisha kazi. Duka langu lilitaka kuzitupa kwa hisani, kunipunguzia mzigo.

Kwa usafi wa kazi ya mikono na kwa tabia njema, ninalipatia duka nyota tano. Kwa kutomuuliza mteja, ninaondoa mbili. Kwa kukubali kosa siku ile ile, ninarudisha moja. Great American Scream Machine yenyewe iliondolewa mwaka 2010, na hata Kingda Ka, mnara wa mita 139 uliojengwa baadaye katika bustani ile ile, ulilipuliwa kwa baruti mwezi Februari 2025, nikautazama kwenye simu nikiwa foleni ya benki.

Kanda ya nne nimeiacha dukani juzi. Ina ukungu kuliko zote, roli moja haizunguki, na fundi ameomba wiki mbili. Lebo yake, kwa mwandiko wa Mjomba, inasema «Mieleka, Agosti 1990». Nimeifunga kwa mpira pamoja na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu nene: USIKATE KITU. Fundi amekisoma, akacheka, kisha akachukua kalamu yake na kuongeza chini yake kwa ajili ya msaidizi wake: NTSC, PICHA 30, MAMA WA MATANGAZO.